Siku ya Kupasuliwa Mgongo: Usijikaze, Sema

Ukishapewa tarehe ya kupasuliwa mgongo, washauri huja wenyewe. Jirani anamkumbuka mtu wa kijijini kwao aliyepasuliwa akashindwa kutembea tena. Shangazi anasema mgongo hauguswi na kisu. Mjomba anakupiga begani na kukwambia ujikaze. Kati ya hao watatu, ninayemhofia zaidi ni mjomba, maana ushauri wake unasikika mzuri. Mgonjwa anayejikaza siku ya upasuaji, akanyamaza kwa heshima, kwa hofu au kwa aibu, ndiye anayejiongezea hatari. Mwongozo huu unakupitisha hatua kwa hatua, tangu usiku wa kuamkia upasuaji hadi asubuhi ya pili yake. Karibu kila hatua ina jambo ambalo wewe peke yako unalijua, na madaktari hawawezi kulijua usipolisema.

Tuanze na hofu ya kupooza, kwa sababu mwenye hofu hiyo hasikii kitu kingine.

Uti wa mgongo ni safu ya pingili: 7 za shingo, 12 za kifuani, 5 za kiunoni, kisha zile za chini zilizoungana hadi kwenye kifandugu. Ndani ya safu hiyo unapita ugwe, mkanda wa fahamu unaoshuka kutoka kwenye ubongo. Wengi hawajaambiwa kwamba kwa mtu mzima ugwe huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo kuna mishipa ya fahamu iliyoachana, kila mmoja ukielekea kwenye sehemu yake ya mguu, kibofu au nyonga. Kati ya pingili na pingili kuna mto laini uitwao diski. Diski zinazochomoza na kubana mishipa mara nyingi huwa ni ile iliyo kati ya pingili ya 4 na ya 5 ya kiuno, au ile iliyo chini ya pingili ya 5. Kwa maneno mengine, wengi wanaopasuliwa kiuno hupasuliwa mahali ambapo ugwe umekwisha kukoma.

Hilo halifuti hatari zote. Mshipa wa fahamu unaweza kujeruhiwa. Utando unaoshika maji yanayozunguka mishipa unaweza kuchanika. Kidonda kinaweza kuingiwa na wadudu, na damu inaweza kuganda kwenye mguu. Upasuaji wa shingo au kifua, ambako ugwe bado upo, una uzito wake mwingine. Vivyo hivyo upasuaji wa mtu aliyevunjika uti kwa kuanguka kutoka mnazini au kwa ajali ya bodaboda, au wa yule ambaye pingili zake zimeliwa na kifua kikuu. Ulizia vizuri habari za yule mtu wa kijijini: huenda alifikishwa hospitali miguu ikiwa tayari imelegea, na upasuaji ukawa jaribio la kuokoa kilichobaki.

Kwa hiyo kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa, muulize daktari maswali haya bila haya. Mnaondoa tu kinachobana mshipa, au mnaniwekea vyuma? Ni pingili zipi? Mnatibu maumivu ya mguu, maumivu ya mgongo, au mnazuia miguu isilegee zaidi? Swali la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Kuondoa kinachobana mshipa huwa kunatuliza maumivu yanayoshuka mguuni kwa uhakika zaidi kuliko maumivu ya mgongo wenyewe. Aliyeingia akitarajia mgongo mpya atatoka na manung'uniko hata kama upasuaji ulikwenda vizuri.

Usiku wa kuamkia

Katika hospitali nyingi kubwa, iwe Taasisi ya Mifupa MOI pale Muhimbili, KCMC Moshi au Kenyatta jijini Nairobi, mgonjwa wa upasuaji mkubwa wa mgongo hulazwa mapema ili vipimo vikamilike. Utatolewa damu kupima wingi wake na kundi lake, na damu ya akiba itaandaliwa. Mara nyingi ndugu huombwa kuchangia. Wapange mapema watu wawili au watatu wenye afya, wasije wakaanza kupigiwa simu ukiwa umeshavalishwa gauni. Kama utawekewa vyuma, hakikisha siku hiyo hiyo kwamba vimeshafika na vimeshalipiwa au bima imeshavikubali. Kuna wagonjwa wanaolala na njaa usiku kucha kisha wakaambiwa asubuhi kwamba vyuma havijatoka stoo.

Oga kwa sabuni usiku na asubuhi. Usijinyoe mgongo wala kumwomba mtu akunyoe. Wembe huacha michubuko isiyoonekana kwa macho, na wadudu huingilia hapo. Kama kuna nywele za kuondoa, timu itaziondoa yenyewe.

Sasa chakula. Kanuni inayofuatwa duniani ni kukaa saa 6 bila chakula na saa 2 bila maji matupu kabla ya kaputi, yaani kulazwa usingizi. Hospitali nyingi kwetu hurahisisha kwa kusema usile wala usinywe kitu baada ya saa 6 usiku. Fuata ulichoambiwa wewe. Sababu yake ni kwamba ukilazwa usingizi, koo linalegea, na kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Katika upasuaji wa mgongo utalazwa kifudifudi kwa saa nyingi, kwa hiyo jambo hili halina mzaha.

Mazungumzo kama haya hutokea wodini karibu kila wiki:

"Shikamoo, baba. Umekula chochote tangu jana usiku?"

"Marahaba, mwanangu. Sijala kitu."

"Hata maji?"

"Maji hapana. Nimekunywa chai tu, ile aliyoniletea mama watoto."

"Ya maziwa?"

"Ya maziwa, na kipande cha mkate kidogo tu cha kusukumia dawa."

Mzee huyu hakusema uongo. Kwake yeye kula ni ugali au wali. Lakini maziwa tumboni huhesabiwa kuwa chakula, na mkate ni chakula kamili. Upasuaji wake utaahirishwa, na ni afadhali uahirishwe. Aliye hatarini ni yule anayekunywa chai hiyo kisha akakana kwa kuogopa kukosa zamu. Ukiteleza, sema. Hakuna daktari mwenye akili timamu atakayekukasirikia zaidi ya dakika tano.

Kama tarehe yako imeangukia Ramadhani na umekuwa ukifunga, mwambie daktari wa usingizi siku iliyotangulia. Mwili uliokaa bila maji mchana kutwa huingia theata ukiwa umekauka, na presha hushuka kirahisi. Mgonjwa ameruhusiwa kufungua na kulipa baadaye.

Nikifika kwenye dawa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo siri nyingi hukaa. Mtu mwenye mgongo mbovu huwa amekula diklofenaki na dawa za jamii yake kwa miezi, wakati mwingine bila kuandikiwa na mtu. Dawa hizo, pamoja na aspirini, hupunguza uwezo wa damu kuganda. Ukitumia warfarini au dawa yoyote ya kufanya damu iwe nyepesi, huwezi kuiacha wala kuiendeleza kwa kukisia. Daktari ndiye atakayekupangia siku ya kuiacha, na mara nyingi ni siku kadhaa kabla. Vidonge vya sukari na sindano ya insulini hupangwa upya kwa asubuhi ya kufunga. Dawa za presha, nyingine hunywewa kwa funda la maji, nyingine huachwa. Uliza moja moja, kwa jina.

Halafu zipo dawa za miti shamba. Mganga aliyekuchua, mizizi uliyochemshiwa, unga uliopakwa kwenye chale mgongoni, vitunguu saumu na tangawizi unavyokunywa kila asubuhi: vitaje vyote. Baadhi huathiri damu, baadhi huathiri presha, na vingine hakuna anayejua vina nini ndani, jambo ambalo lenyewe ni habari muhimu kwa anayekulaza usingizi. Usidhani utachekwa. Wauguzi wetu wengi wamelelewa na bibi zao na wanaijua mizizi hiyo.

Pombe na tumbaku ni vivyo hivyo. Mtu anayekunywa kila siku akikatishwa ghafla anaweza kuanza kutetemeka na kuweweseka siku ya pili au ya tatu baada ya upasuaji, na timu isiyojua itatafuta chanzo kwenye kidonda. Sigara huchelewesha mfupa kuunga. Kama unawekewa vyuma ili pingili ziungane, kila sigara inafanya kazi dhidi yako. Sema pia kama una pumu, kama una selimundu, kama unakoroma hadi unakatika pumzi, kama jino limelegea, kama kuna dawa iliyowahi kukutoa vipele au kukuvimbisha uso, na kama wewe au ndugu wa damu aliwahi kupata shida kwenye kaputi. Mwanamke aseme kama kuna uwezekano wowote wa ujauzito, maana eksirei itatumika ndani ya theata. Hedhi haizuii upasuaji, ila mwambie muuguzi.

Asubuhi yenyewe

Vitu vya chuma lazima vivuliwe: pete, hereni, cheni, bangili, kipini cha pua. Theata hutumia kisu cha umeme, na chuma mwilini kinaweza kusababisha kuungua. Meno ya bandia hutolewa. Hirizi yenye chuma hutolewa pia. Iliyo ya kitambaa, muulize muuguzi.

Shanga za kiunoni ndizo huleta tabu, kwa sababu zinakaa palepale kisu kinapopita, na mwenye nazo huona aibu kuzitaja. Asipozitaja zitagunduliwa akiwa usingizini, na mkasi hautachagua rangi. Zivue nyumbani na yule anayekufunga, uzihifadhi. Piko na hina nyeusi kwenye kucha zina shida yake nyingine: kuna kifaa kidogo kinachobana kidole na kusoma kiasi cha oksijeni kwa mwanga unaopita kwenye kucha, na rangi nzito huchanganya usomaji. Rangi ya kucha ifutwe. Kama harusi ya mdogo wako ilikuwa juzi na hina bado imekolea, sema, watatafuta sehemu nyingine ya kubana. Nywele nazo, ukisuka, suka zilale chini. Fundo kubwa kisogoni au wigi lenye vibanio litakuwa tatizo utakapolazwa kifudifudi, uso ukiwa kwenye mto maalumu kwa saa kadhaa.

Utapewa gauni linalofungwa nyuma na utepe wenye jina lako mkononi. Soma jina hilo. Likikosewa hata herufi moja, sema. Dada anayejistiri anaweza kuomba afunikwe kichwa hadi mlango wa theata, ambako atapewa kofia, na anaweza kuomba mpira wa mkojo uwekwe na muuguzi wa kike. Ni ombi la kawaida. Pale wahudumu wanapokuwa wa kutosha, linatimizwa.

Jiandae kusubiri. Kuwa wa kwanza kwenye orodha hakumaanishi utaingia saa 2 asubuhi, na mtu wa ajali aliyeletwa usiku anaweza kupita mbele yako. Ukiona jua limepanda na hujaitwa, uliza: "Dada, bado nipo kwenye orodha ya leo? Naweza kunywa maji?" Wagonjwa wengi hukaa wamekauka hadi saa 10 jioni kwa upasuaji ulioahirishwa tangu adhuhuri, na hakuna aliyewaambia kwa sababu hakuna aliyeuliza. Mwenye sukari asikubali kabisa kukaa kimya. Jasho jembamba, kutetemeka, kizunguzungu: mwite muuguzi papo hapo.

Ndani ya theata

Kutakuwa na baridi. Taa kubwa, watu waliofunika nyuso, sauti za mashine. Kisha utaulizwa jina lako, ulichokuja kufanyiwa na sehemu inayouma, na mtu wa tatu ataliuliza tena swali ambalo wawili wameshaliuliza. Wagonjwa wengine huanza kupata wasiwasi wakidhani hawa watu hawajui wanachofanya. Wanajua. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji inayoitaka timu isimame mara tatu: kabla ya kulazwa usingizi, kabla ya kisu, na kabla ya mgonjwa kutoka theata. Orodha hiyo ilijaribiwa kwenye hospitali katika miji 8 duniani, na mmojawapo ulikuwa Ifakara, Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo kwa wagonjwa wa upasuaji vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Hakuna dawa mpya iliyotumika. Watu walisimama, wakaulizana, wakajibiana. Kwa hiyo jibu kila swali kwa sentensi kamili, hata kama ni mara ya nne. Usijibu "ndiyo" tu. Sema: "Naitwa fulani, napasuliwa kiuno, maumivu yanashuka mguu wa kushoto." Wakisema mguu wa kulia, wakatishe.

Utachomwa sindano mkononi kwa ajili ya dripu, na kabla ya kisu utapewa antibayotiki, kwa kawaida ndani ya saa moja kabla ya ngozi kupasuliwa. Utavishwa barakoa ya oksijeni, utaambiwa uvute pumzi, dawa ya usingizi itaingia, na hapo kumbukumbu yako ya theata itakatika.

Yanayofuata huyaoni, lakini ukiyajua utaelewa kwa nini unaamka ulivyo. Mrija unapitishwa kooni ili mashine ikusaidie kupumua. Macho yanafungwa kwa utepe laini yasikauke. Mpira wa mkojo unawekwa. Ndipo watu kadhaa kwa pamoja wanakugeuza kifudifudi juu ya mito inayoacha tumbo likining'inia, kwa sababu tumbo likibanwa damu hujaa kwenye mishipa inayozunguka uti na kidonda hutoka damu zaidi. Eksirei inapigwa ili kuhesabu pingili na kuhakikisha ni ile iliyokusudiwa. Katika hospitali zenye mashine hizo, waya nyembamba hupima kama mishipa ya fahamu inapitisha ujumbe wakati daktari anafanya kazi.

Neno kwa ndugu walio nje

Kuondoa diski moja kunaweza kuchukua saa moja hadi mbili. Kuunga pingili kadhaa kwa vyuma huchukua saa 4, 6, au zaidi. Juu ya hapo kuna muda wa kulazwa usingizi, kupangwa kitandani na kuzinduka, ambao daktari hauhesabu anapowaambia "saa tatu". Mtu akikaa ndani kuliko alivyosema daktari, msianze kulia. Mchagueni mmoja wenu awe msemaji, simu yake iwe na chaji, na namba yake iwe wodini. Wengine wakae nyumbani au waende kuchangia damu. Mambo mawili ya kujiepusha nayo ni kumjaza mgonjwa habari za kutisha asubuhi ile, na kumsogezea uji kabla wauguzi hawajaruhusu.

Kuzinduka

Utaanza kwa kusikia sauti. "Mama, fungua macho. Upasuaji umekwisha. Hebu sogeza vidole vya miguu. Sukuma mkono wangu kwa unyayo." Hicho ndicho kipimo cha kwanza, na utakirudia usiku kucha, kila baada ya muda, hata ukiwa umechoka. Usikifanye kwa heshima tu. Kama mguu mmoja unasukuma kwa nguvu kidogo kuliko ulivyokuwa jana, sema "huu hauendi kama jana". Kama mguu uliokuwa ukiwaka moto umetulia, sema pia.

Uso utakuwa umevimba, midomo na kope hasa, kwa kulala kifudifudi. Uvimbe huo kwa kawaida hupungua ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo ndugu wasishtuke. Ila ukiona ukungu au giza kwenye jicho, hilo si la kungoja. Koo litawasha kwa sababu ya mrija. Unaweza kutetemeka kwa baridi na kusikia kichefuchefu. Pembeni ya kidonda panaweza kuwa na mpira mwembamba unaoshuka kwenye chupa yenye damu. Upo kwa makusudi, unazuia damu isijikusanye ndani. Baadhi ya wagonjwa, hasa waliopasuliwa muda mrefu au wenye magonjwa mengine, hupelekwa ICU usiku huo. Mara nyingi hilo huwa limepangwa tangu mwanzo, basi uliza mapema ili familia isidhani mambo yameharibika.

Maumivu yatakuwepo. Muuguzi atakuuliza uyataje kwa namba, kuanzia 0 hadi 10. Hapa ndipo wajomba wote hurudi kichwani na mtu akasema 3 wakati ni 8. Maumivu yasiyotulizwa hukufanya upumue juu juu, mapafu yasifunguke, na ukaogopa kusogea, na asiyesogea damu yake huganda miguuni. Sema namba ya kweli. Wengine huikataa mofini kwa kuogopa uraibu. Kuitumia siku chache chini ya uangalizi kwa maumivu ya kisu ni matibabu, na wasiwasi wa kweli zaidi ni kwamba itakufungisha choo. Omba dawa ya kulainisha choo mapema, maana kujikamua ukiwa na mgongo uliopasuliwa ni mateso.

Usiku wa kwanza

Hutajigeuza mwenyewe. Wauguzi watakugeuza kama gogo, mabega na nyonga kwa pamoja, bila kupinda kiuno. Ndugu anayelala na mgonjwa afundishwe hili na muuguzi kabla ya kugusa. Na huyo ndugu, kwa mapenzi yake yote, asikande. Najua desturi yetu: mtu akiumwa tunamkanda kwa maji ya moto, tunamchua kwa mafuta. Kidonda cha mgongo hakikandwi. Shavu la mguu lililovimba na kuuma baada ya upasuaji halichuliwi kamwe, kwa sababu huenda kuna damu iliyoganda ndani, na kulichua kunaweza kuisukuma damu hiyo hadi kwenye mapafu. Mguu wa namna hiyo unaitiwa muuguzi.

Mwite pia, saa yoyote ya usiku, ukiona mojawapo ya haya: mguu unaolegea au kufa ganzi kuliko ulivyokuwa ulipozinduka, mpira wa mkojo umetolewa na hujaweza kukojoa kwa saa kadhaa, choo au mkojo unaotoka bila wewe kujua, ganzi kwenye makalio, katikati ya mapaja na sehemu za siri, bandeji inayolowa damu au maji meupe, kichwa kinachopasuka ukiinuliwa na kutulia ukilala, kifua kubana au pumzi kukata.

Ganzi ya sehemu za siri naitaja kwa mkazo kwa sababu watu hawaisemi. Baba mtu mzima hataki kumwambia binti wa umri wa mwanawe kwamba hasikii kitu huko. Mama anaona haya mbele ya mkwewe. Lakini ganzi hiyo, hasa ikifuatana na mkojo kugoma, inaweza kumaanisha damu imejikusanya ndani na inabana mishipa ya kibofu. Hapo inabidi kurudi theata haraka, na kila saa inayopita inapunguza nafasi ya kupona. Ukishindwa kusema mbele za watu, muombe muuguzi awatoe nje kwanza. Daktari akija, mwambie kama ulivyomwambia muuguzi.

Maji utaanza kwa mafunda, kisha uji mwepesi tumbo likianza kunguruma. Joto kupanda kidogo siku ya kwanza huonekana kwa wengi. Kazi yako ni kuvuta pumzi ndefu na kukohoa kama ulivyoelekezwa ili mapafu yafunguke.

Kesho yake

Usishangae ukiambiwa ukae kitandani miguu ikining'inia, au usimame, siku inayofuata. Zamani watu walilazwa majuma. Siku hizi wengi husimamishwa mapema, isipokuwa daktari awe na sababu, kwa mfano utando uliochanika ambao unahitaji ulale chali kwa muda. Wengine watavishwa mkanda wa mgongo. Simama ukiwa umeshikwa, maana kizunguzungu cha mara ya kwanza kimewaangusha wengi.

Wakati wewe unajifunza kusimama, kuna maandalizi ya nyumbani ambayo ndugu wayaanze siku hiyo hiyo. Choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti chenye tundu. Kitanda kisiwe cha chini sana. Anayeswali atasali ameketi kwenye kiti hadi aruhusiwe kurukuu na kusujudu. Ndoo ya maji, mtoto wa kubebwa na gunia la mkaa vitasubiri. Siku ya kuruhusiwa itafutwe gari. Bodaboda hapana, hata kama nyumbani ni karibu.

Mguu uliokuwa umekufa ganzi miezi mingi hautaamka kwa usiku mmoja. Mshipa wa fahamu ulioumia huota upya kwa kasi ya takriban milimita 1 kwa siku, na kutoka kiunoni hadi kwenye kidole cha mguu ni safari ndefu. Kwa hiyo usipime mafanikio ya upasuaji kwa ganzi ya kidole siku ya pili. Pima kwa nguvu ya mguu, kwa mkojo, na kwa yale maumivu ya kushuka.

Kama tarehe yako imeshapangwa, chukua karatasi leo. Andika kila dawa unayotumia, ya duka na ya mizizi, andika magonjwa yako, pombe yako na sigara zako, na namba ya simu ya ndugu mmoja unayemwamini. Karatasi hiyo mkabidhi daktari wa usingizi mkononi, kabla hajaanza kuuliza.